Ajuaye Ngeli Hajui Nukta

Upo usemi uliozoeleka katika vyumba vya walimu wa shule zetu za sekondari hapa Uganda, nao ni kwamba mwalimu akienda kusomea elimu maalumu, basi ameliaga somo lake. Ikiwa alifundisha Historia, Historia imempoteza. Ikiwa alifundisha Kiswahili, wenzake humpa mkono wa buriani, hugawana vipindi vyake, na tangu siku hiyo humwita "mwalimu wa vipofu" au "mwalimu wa viziwi", kana kwamba vipofu na viziwi ni somo. Sisi tunaoandika makala haya tunasema kwamba usemi huo ni wa uongo, na kwamba uongo huo una wahanga wake, nao wameketi madarasani mwetu.

Hoja yetu ni moja, nasi twaitaja mapema ili msomaji ajue anakopelekwa. Kusomea ualimu wa elimu maalumu katika sekondari hakupasi kuwa kuliacha somo. Kunapasa kuwa kulizidisha. Mwalimu wa elimu maalumu wa sekondari asiye na somo ni nusu ya mwalimu. Vilevile mwalimu wa somo asiyejua kumfikia mwanafunzi asiyeona au asiyesikia ni nusu nyingine. Nusu mbili hizi zimewekwa katika vyumba viwili, na mwanafunzi ameachwa ukumbini. Na kwa kuwa jarida hili ni la walimu wa Kiswahili, tutasema habari za Kiswahili, ingawa mwalimu wa Hesabu au wa Jiografia aweza kuyapima maneno yetu katika somo lake akayaona ni yale yale.

Kwanza na tukumbushane jinsi wanafunzi hawa walivyofika sekondari, maana wako wenzetu wasemao kwamba elimu maalumu ni shughuli ya shule za msingi. Mwaka 1997 Serikali ilipoanzisha elimu ya msingi kwa wote, watoto wanne wa kila familia ndio waliokubaliwa kwanza, na familia yenye mtoto mlemavu ilitakiwa impe nafasi ya mbele. Watoto hao walisoma, wakamaliza, wakabisha hodi. Mwaka 2007 mlango wa sekondari nao ukafunguliwa kwa mpango wa namna hiyo. Mwaka uliofuata, yaani 2008, Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu uliopitishwa mwaka 2006, ambao ibara yake ya 24 huzitaka nchi ziwaajiri walimu wajuao lugha ya alama na maandishi ya nukta nundu, wakiwamo walimu ambao wenyewe ni walemavu. Basi mtoto kipofu aliye kidato cha pili leo hakuingia kwa dirishani. Ameingia kwa mlango uliofunguliwa na sheria. Ambaye hajaingia bado ni mwalimu wake.

Kisha kikaja Kiswahili chenyewe. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili ya taifa hili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza kufundishwa mwaka 2020, ulikiweka miongoni mwa masomo ya lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali kutekeleza uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kukifanya lugha rasmi, na likaelekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Sisi tulishangilia. Tuliimba, tuliandika mashairi, tulipiga picha. Lakini neno "lazima" halina mwanya ndani yake. Lazima kwa mwanafunzi ni lazima kwa kila mwanafunzi, na lazima kwa mwanafunzi huzaa lazima kwa mwalimu. Ni wangapi miongoni mwetu waliojiuliza siku ile ya shangwe: mwanafunzi kiziwi nitamfundishaje imla?

Tutazame safari ya insha moja, ili tusibishane hewani.

Mwanafunzi asiyeona ameambiwa aandike insha juu ya faida za maji. Anachukua bamba lake na msumari wake, anaweka karatasi nene, anaanza kutoboa. Hutoboa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu nundu hutokeza upande wa pili, na karatasi ikigeuzwa husomeka kutoka kushoto kwenda kulia. Ndiyo kusema kwamba wakati anapotafuta methali ya kufungulia insha, mkono wake unaandika kila herufi kinyumenyume. Hiyo ni kazi ya akili ambayo wengi wetu hatujapata kuifanya. Anamaliza, anaileta insha mezani kwa mwalimu wa Kiswahili. Mwalimu anaipapasa, kwake ni vipele vitupu. Hawezi kuisoma hata sentensi moja. Basi anaipeleka kwa mwalimu wa elimu maalumu.

Mwalimu wa elimu maalumu anazijua nukta sita tangu zamani, wala hatuna la kumlaumu katika fani yake. Ila Kiswahili chake ni kile cha barabarani, cha kununulia mahindi na kupandia gari. Anaisoma insha kwa vidole, anainakili kwa wino. Mwanafunzi ameandika "kisima kimekauka". Mnakili, ambaye masikio yake yamezoea "kisima imekauka", anaandika alivyozoea. Mwanafunzi ameandika "maji yale yalikuwa yakitiririka". Mnakili anaona neno limekuwa refu mno, analikata. Pengine hutokea kinyume chake: mwanafunzi amekosea, na mnakili kwa moyo mwema anamsahihishia. Karatasi ya wino inarudi kwa mwalimu wa Kiswahili, naye anakaa, anachukua kalamu nyekundu, anatoa alama kumi na moja kwa ishirini.

Twauliza: alama hiyo ni ya nani? Ni ya mwanafunzi, au ni ya mnakili? Mwanafunzi atasahihisha nini, hali kosa lililoandikwa pambizoni si kosa lake? Insha imepotea njiani baina ya watu wawili waaminifu, kila mmoja akiwa ametimiza wajibu wake. Mmoja anajua ngeli hajui nukta. Mwingine anajua nukta hajui ngeli. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Hapa vidole viko viwili, ila kila kimoja kiko kwenye mkono wake.

Kwa mwanafunzi kiziwi mambo ni mazito zaidi. Mwalimu wa Kiswahili anasimama mbele anaeleza kwamba "kisima kirefu" wingi wake ni "visima virefu". Kando yake yuko mkalimani wa lugha ya alama. Mkalimani hutafsiri maana. Ndiyo kazi yake. Huonyesha kisima, huonyesha urefu, huonyesha wingi. Mwanafunzi anaelewa kwamba viko visima vingi virefu, jambo ambalo alilijua kabla hajaingia darasani. Lakini somo la siku ile halikuwa visima. Somo lilikuwa ki- na vi-, na hizo hazikupita mikononi mwa mkalimani, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba ndizo zilizokuwa somo. Laiti angalijua, angaliziandika kwa herufi za vidole, au angaliuelekeza mkono ubaoni. Mkalimani hafundishi Kiswahili, wala hakuajiriwa kukifundisha. Mwalimu anayekifundisha hawezi kusema na mwanafunzi wake hata salamu. Kipindi kinakwisha, kengele inalia, na daftari la mwanafunzi limejaa maneno yaliyonakiliwa ubaoni kwa hati nzuri ambayo hayana njia ya kuingia kichwani.

Hapo ndipo huja lile neno tulipingalo kuliko yote: "Asamehewe." Husemwa kwa upole. Husemwa na mwalimu mkuu, husemwa na mwalimu wa somo, na wakati mwingine husemwa na mzazi. Kiziwi asamehewe Kiswahili, maana tayari ana lugha ya alama na ana Kiingereza. Lugha ya tatu itamlemea. Kipofu asamehewe, maana vitabu vya nukta nundu havipo. Asamehewe akae maktaba, asamehewe alime bustani, asamehewe apumzike.

Tunajibu. Mtoto asikiaye wa Kabale ana Rukiga nyumbani, ana Kiingereza darasani, na Kiswahili kwake ni lugha ya tatu vilevile. Mbona yeye hasamehewi? Mtoto wa Arua, wa Gulu, wa Soroti, wote hubeba lugha tatu, nasi twawaambia ni utajiri. Utajiri wa mmoja huwaje mzigo wa mwenziwe? Tukisema ukweli, aliyelemewa hapa ni mwalimu. Msamaha tumeutoa sisi na tumejipa wenyewe, kisha tukauandika kwa jina la mtoto. Mbaazi akikosa maua husingizia jua.

Hatusemi kwamba hayuko kabisa mwanafunzi ambaye lugha ya ziada si stahili yake. Yuko mwenye ulemavu mzito wa akili ambaye mpango wake wa masomo lazima upangwe peke yake. Lakini uamuzi huo hutolewa kwa mtoto mmoja, baada ya kupimwa na mtu aliyesomea kupima, wazazi wakiwa wameshirikishwa. Hautolewi kwa kundi zima asubuhi moja kwa sababu ratiba imebana.

Tena wasemao kwamba Kiswahili hakimfai kiziwi hawajakitazama Kiswahili kwa macho, wamekisikiliza tu. Na tukitazame. "Kitabu changu kizuri kimepotea." Upatanisho wa sentensi hii uko mwanzoni mwa kila neno, pale jicho linapotua kwanza. Ukiupiga rangi moja ubaoni, unaonekana kama shanga zilizotungwa. Badili umoja kuwa wingi, "vitabu vyangu vizuri vimepotea", na rangi inabadilika kwa mstari mzima. Mtoto asikiaye huipata ngeli kwa sikio bila kujua. Kiziwi aweza kuipata kwa jicho, akijua anachokiona. Tena, katika lugha nyingi za alama ishara ya kutoa husafiri kutoka kwa mtoaji kwenda kwa mpokeaji, hivyo kwamba nani katoa na nani kapewa humo humo ndani ya kitendo. Nasi twasema "nimekupa": mtoaji yumo, mpokeaji yumo, katika neno moja. Mwalimu azijuaye lugha hizi mbili ana daraja mkononi ambalo Kiingereza hakimpi. Lakini daraja hilo halioni mtu anayejua upande mmoja tu wa mto.

Ushairi nao? Tumewahi kuambiwa kwamba kumfundisha kiziwi shairi ni kumdhihaki. Mwenye kusema hivyo amesahau jinsi tunavyoandika. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, na irabu haifichiki. Mwanafunzi kiziwi aweza kuhesabu mizani nane za ukwapi na nane za utao kwa kidole juu ya karatasi, akafika kumi na sita bila kukosea, mradi ameelezwa kwamba m ya "mtu" ni mizani kamili. Vina huviona vimesimama wima, kimoja chini ya kingine, katika tarbia. Yako ambayo hatayapata, kama mahadhi ya sauti ya mwimbaji. Lakini hata sisi tusikiao tumesoma mashairi ya kale mengi bila kuwahi kusikia mahadhi yake, na hakuna aliyetusamehe mtihani.

Kwa asiyeona, Kiswahili ni rafiki zaidi. Maandishi ya nukta nundu, yaliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1829 na Louis Braille, kijana Mfaransa aliyekuwa kipofu tangu utotoni, hutumia nukta sita tu kupanga alama 63. Kiingereza cha nukta nundu kimejaa vifupisho ambavyo mwanafunzi huvikariri kwa miaka, tena tahajia yake ni mtihani juu ya mtihani. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Kidole kikikutana na neno "hawatatuandikia", hukutana kwanza na ukanushi, kisha watendaji, kisha wakati, kisha watendewa, kisha mzizi, kwa mpangilio ule ule ambao sisi huuchanganua ubaoni kwa chaki. Kidole cha kipofu huchanganua kila neno kwa kulipitia. Ni mwanafunzi gani wa sarufi atakayeomba zaidi ya hayo?

Basi kumbe kinachokosekana ni mwalimu mwenye vyote viwili. Na hapa tunafika kwenye masomo yenyewe.

Nchi hii haikuanza jana kufundisha walimu wa elimu maalumu. Palikuwa na taasisi ya taifa ya fani hiyo pale Kyambogo, ambayo mwaka 2003 iliunganishwa na chuo cha ualimu na chuo cha ufundi vya hapo hapo kuwa Chuo Kikuu cha Kyambogo, na huko fani hii inafundishwa hadi leo katika ngazi za stashahada na shahada. Jirani zetu Wakenya wana chuo chao cha taifa tangu mwaka 1986, kiitwacho KISE, huko Nairobi. Watanzania wana Chuo cha Ualimu Patandi, karibu na Arusha. Milango ipo. Tunalopinga ni fikira anayoingia nayo mwalimu mlangoni, na fikira anayotoka nayo.

Fikira ya kwanza ni ile ya huruma. Kijana akisema anataka kusomea elimu maalumu, watu humsifu kwa moyo wake. "Una moyo," humwambia. Hakuna amwambiaye mwalimu wa Fizikia kwamba ana moyo. Huyo huambiwa ana akili. Sifa ya moyo, ndugu walimu, ni sifa inayoficha dharau. Maana yake ni kwamba kazi hii haihitaji ujuzi, yahitaji uvumilivu. Na asiyehitaji ujuzi hahitaji mshahara wa ujuzi, wala hahitaji kupimwa kama ameujua. Hatuukatai moyo. Ila mtoto kiziwi hakuja shuleni kupendwa. Kupendwa alipendwa nyumbani. Amekuja kufundishwa. Mwalimu mwenye huruma nyingi na ishara kumi za lugha ya alama atampenda miaka minne na kumwacha hajui kuandika barua.

Fikira ya pili ni ile ya dokezo. Mwalimu hupewa semina ya siku tatu juu ya "mahitaji maalumu", hujifunza majina ya ulemavu, hupata cheti, hurudi. Sasa ajua kutofautisha uono hafifu na upofu, ajua usonji ni nini, lakini hawezi kusoma mstari mmoja wa nukta. Je, tungemwita mwalimu wa Kiswahili mtu ajuaye orodha ya ngeli zote ila hawezi kutunga sentensi?

Sisi twasema masomo ya mwalimu wa elimu maalumu wa sekondari yawe na nguzo hizi. Kwanza, aingie akiwa na somo lake, na asilivue. Somo hilo liendelee kufundishwa na kutahiniwa hadi siku ya kuhitimu, kwa njia ya fani yake mpya: asiyeona afundishweje ufahamu, kiziwi afundishweje ngeli, mwenye shida ya kusoma apunguziweje matini bila kupunguziwa maana. Pili, maandishi ya nukta nundu na lugha ya alama vipimwe kwa kutenda. Asome ukurasa kwa muda uliowekwa. Azungumze na kiziwi mtu mzima, na huyo kiziwi awe miongoni mwa watahini. Tatu, mazoezi ya kufundisha yafanywe katika somo lake, mbele ya wanafunzi hao, huku akitazamwa na wakaguzi wawili, mmoja wa somo na mmoja wa elimu maalumu, ambao watalazimika kukaa meza moja na kukubaliana. Nne, ajifunze kutunga na kurekebisha mtihani. Swali lisemalo "eleza unachokiona katika picha hii" halimpimi asiyeona Kiswahili chake, linampima macho. Jaribio la kusikiliza halimpimi kiziwi lugha, linampima masikio. Kuongeza muda, kama Baraza la Mitihani la Taifa linavyofanya kwa watahiniwa hawa, ni jambo jema; lakini swali lisilojibika halijibiki hata ukipewa siku nzima.

Na tano, ambayo labda ingalikuwa ya kwanza: waitwe kusomea kazi hii walemavu wenyewe. Mwalimu wa Kiswahili asiyeona, aliyeipita njia ya bamba na msumari, hahitaji kuambiwa mwanafunzi wake anachoka wapi. Uganda ilimpeleka kiziwi, Alex Ndeezi, Bungeni mwaka 1996, akaketi na kutunga sheria pamoja na wasikiao. Nchi inayoweza kumsikiliza kiziwi Bungeni haina udhuru wa kutomwajiri darasani.

Tunajua jibu litakalotolewa: nani atalipa? Ni swali la haki. Mwalimu wa lugha wa nchi hii ameshaona mengi. Kuanzia mwaka wa fedha 2022/23 walimu wa sayansi wenye shahada walipandishiwa mshahara hadi shilingi milioni nne kwa mwezi, na sisi wa sanaa tukaachwa kwenye viwango vya zamani, hata ukatokea mgomo wa Juni 2022. Ukimwambia mwalimu huyo auze ng'ombe akasomee elimu maalumu, kisha arudi kwenye mshahara ule ule na vipindi viwili zaidi, atakuuliza kama una akili timamu. Nasi hatumwambii hivyo. Tunaiambia Serikali kwamba ujuzi wa pili ulipwe kama ujuzi, uandikwe katika muundo wa utumishi, na mwenye nao apunguziwe vipindi ili apate muda wa kuandaa zana.

Lakini kuna fursa iliyokwisha kuja na gharama yake, nayo tusiiache ipite. Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 ilielekeza kwamba kila mwalimu, kuanzia wa chekechea, awe na shahada. Wengi wetu tulio na stashahada, tena tuliovuka miaka arobaini, tunarudi vyuoni tutake tusitake. Tutaketi madawatini na vijana walio rika la wanetu. Ikiwa ada italipwa na miaka itatumika, basi tusirudi kusomea tena yale tuliyokwisha fundisha miaka ishirini ili tupate karatasi yenye jina jipya. Tusomee kile ambacho shule zetu hazina. Mwalimu wa Kiswahili aliyebobea darasani, akiongeza nukta nundu au lugha ya alama, atakuwa mtu ambaye shule haiwezi kumbadilisha kwa mwingine. Hata kwa hesabu ya mkate wake mwenyewe, amefanya biashara nzuri.

Kwa nini sisi wa Kiswahili tuwe wa kwanza? Kwa sababu twajua maana ya kuandikwa katika sheria na kusahauliwa darasani. Kiswahili kilitangazwa lugha ya taifa hapa mwaka 1973, kisha kikaachwa mikononi mwa askari, na kwa miaka mingi tukaambiwa ni lugha ya kambi na ya wezi. Lugha ya alama nayo iliingia katika Katiba ya mwaka 1995, iliyoiagiza dola iikuze, miaka kumi kabla Kiswahili hakijapata nafasi yake ya mwaka 2005. Lugha hizi mbili ni ndugu wa mkasa mmoja. Kule Kenya, Katiba ya mwaka 2010 imeziketisha benchi moja na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Bunge. Itakuwa aibu gani ikiwa sisi, tuliolia kwa miaka hamsini kwamba lugha yetu yadharauliwa, tutakuwa ndio watu wa kumfungia mlango mtoto kiziwi tukimwambia kwamba lugha yetu si yake?

Kiswahili chenyewe kimekwisha kutoa hukumu katika jambo hili. Kipofu, kiziwi, kiwete: majina haya yamevishwa kiambishi cha vitu, na wengi wameyachukia kwa sababu hiyo. Lakini fuata sentensi hadi mwisho. Hatusemi "kiziwi kile kinasoma". Twasema "kiziwi yule anasoma". Jina laweza kumvika vazi la kitu, ila sarufi inamrudishia upatanisho wa mtu, na haikubali mjadala. Sisi tunaomsahihisha kila mwanafunzi anayekosea upatanisho huo daftarini, tusiukosee katika ratiba ya shule.

Basi tunakitaka chama chetu, katika mkutano wake mkuu ujao, kipitishe mambo matatu. Kipinge kwa maandishi desturi ya kuwasamehe wanafunzi Kiswahili kwa makundi ya ulemavu. Kiviombe vyuo viruhusu, na viwezeshe, kila mwalimu anayesomea elimu maalumu ya sekondari adumu na somo lake, Kiswahili kikiwamo. Na kiandae orodha ya wanachama walio tayari kwenda kusoma, ili Wizara isije ikasema haikuona mtu. Orodha hiyo haina haja ya kungoja mkutano. Msomaji aliye tayari amwandikie katibu mwezi huu.